Darasa Katika Jengo la Chama

Tanganyika ilifungua chuo kikuu chake siku 45 kabla ya kupata uhuru. Ilikuwa tarehe 25 Oktoba 1961, ndani ya jengo la TANU katika mtaa wa Lumumba, pale Kariakoo inapopakana na Mnazi Mmoja. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria. Wanafunzi walikuwa 14. Chuo hakikuwa na majengo yake wala shahada yake. Shahada zingetolewa na Chuo Kikuu cha London, na vyumba vya kusomea vilitolewa na chama kilichokuwa kikijiandaa kushika dola.

Ukiuliza leo ni nani aliyekianzisha chuo kile, utajibiwa kwamba ni Nyerere, na jibu hilo halina kosa. Ila serikali haifungui chuo kwa utashi wa mtu mmoja. Lazima awepo waziri wa kubeba jalada, kulipeleka kwenye baraza la mawaziri, kulitetea mbele ya wabunge, kuvutana na hazina na kumjibu kila anayeuliza haraka yote hii ni ya nini. Waziri wa Elimu wakati huo alikuwa Oscar Salathiel Kambona, mwalimu aliyegeuka mwanasiasa, akaenda London kusomea sheria. Alikuwa mtoto wa Ziwa Nyasa. Zikitajwa historia za chuo hicho, jina lake haliji haraka mdomoni, na sababu zake ni za kisiasa zaidi kuliko za kitaaluma. Tutazifikia. Kwanza tumtazame alikotoka, maana kwa watu wa Kyela, kaskazini mwa ziwa hilo, alikotoka ni jirani.

Mtu wa Ikolo, wilayani Kyela, anayetaka kwenda Mbamba Bay kwa njia ya maji hupanda meli karibu na kwao. Meli huiacha nyuma tambarare ya mpunga, kule mito ya Kiwira na Mbaka inakomwaga tope lake ziwani, kisha hufuata milima ya Livingstone, ambayo mahali pengine huporomoka moja kwa moja hadi majini bila kuacha hata ufukwe wa kuvutia mtumbwi. Unapita Lupingu, unapita Manda, unapita Liuli, ndipo unafika. Kijiji cha Kwambe, karibu na Mbamba Bay, ndiko alikozaliwa Kambona mwaka 1928. Siku hizi ni wilaya ya Nyasa, mkoa wa Ruvuma.

Baba yake alikuwa padre wa Kianglikana. Mwambao ule wa mashariki ulikuwa chini ya wamisionari wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, waliokuwa na makao yao kisiwani Likoma na meli yao, Chauncy Maples, iliyozunguka ziwa kuanzia mwaka 1901. Misheni hiyo ilizaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Kwa hiyo vyuo vikuu vilikuwa vimeshafika Ziwa Nyasa zamani, angalau kwa jina na kwa mapadre wake. Upande wa kaskazini mambo yalikuwa tofauti: Kyela na Rungwe walikuwa na Wamoraviani na Walutheri wa kutoka Ujerumani, na ng'ambo ya mto Songwe walikuwapo Waskoti wa Livingstonia, ambao mwaka 1894 walianzisha Taasisi ya Overtoun juu ya mlima pale Khondowe. Kiongozi wao, Dakta Robert Laws, alitamani taasisi ile ikue hadi iwe chuo kikuu. Alizeeka, akarudi kwao, akafa bila kukiona.

Kambona mdogo alianza masomo chini ya mwembe kijijini, akaenda Liuli, kisha sekondari ya Alliance, Dodoma. Husimuliwa kwamba askofu alikubali kumlipia ada baada ya kijana kumsomea Baba Yetu kwa Kiingereza bila kukwama. Kutoka hapo alikwenda Tabora, shule ya serikali iliyowapika wengi wa viongozi wa baadaye. Akawa mwalimu, na katikati ya miaka ya 1950 aliacha chaki akawa katibu mkuu wa TANU, chama kilichokuwa hakijamaliza hata mwaka wake wa pili. Alizunguka nchi kuandikisha wanachama. Ndipo akaenda London kusoma sheria.

Uamuzi huo wa kwenda kusoma sheria unahitaji maelezo, kwani leo kila mzazi wa Kyela mwenye mtoto mbishi humwambia atakuwa wakili. Enzi zile haikuwa hivyo. Katika Tanganyika ya mkoloni, Mwafrika angeweza kuwa karani, mwalimu, mganga msaidizi, bwana shamba, padre. Uwakili ulikuwa kazi ya Wazungu na Wahindi wa mijini. Makerere, chuo ambacho tume ya De La Warr ya mwaka 1937 ilipendekeza kiwe chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima, hakikufundisha sheria kabisa. Aliyeitaka ilimbidi aende Uingereza kwa gharama ambazo familia ya kawaida isingeziweza, na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kutoa ufadhili wa kuzalisha mawakili. Sababu inaeleweka. Maofisa walikuwa wameona India na Gold Coast: mawakili ndio waliokuwa wakishika kipaza sauti.

Chini kabisa, huko ambako watu wengi walikutana na sheria, wakili hakuruhusiwa hata kusimama. Chukua mfano wa Rungwe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa imeimeza Kyela yote na makao yake yalikuwa Tukuyu. Kesi ya shamba la mpunga, ya mahari, ya ng'ombe aliyeingia kwenye migomba ya jirani, ilipelekwa kwenye mahakama ya wenyeji. Pale mbele aliketi chifu au mtu wake, pamoja na wazee. Chifu huyo ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyetoa amri za kilimo, na ndiye aliyehukumu. Mawakili hawakuruhusiwa katika mahakama hizo. Rufaa ilipanda kwa maofisa wa utawala, si kwa majaji. Mtu wa Ikolo angeweza kuzaliwa, kuoa, kurithi, kushitaki, kushitakiwa na kufa bila kumwona wakili kwa macho.

Serikali ilipoona machifu na makarani wao wanahitaji mafunzo, ilifungua mwaka 1953 shule ya serikali za mitaa pale Mzumbe, mkoani Morogoro. Walifundishwa uendeshaji wa baraza, utunzaji wa kumbukumbu, taratibu za mahakama. Ilikuwa shule ya kuwafundisha watu kazi ya sheria bila kuwafanya wanasheria. Mzumbe itarudi tena katika sura hii.

Matokeo yake ni kwamba nchi iliukaribia uhuru ikiwa na mawakili Waafrika wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Majaji wote walikuwa wageni. Waandishi wa miswada ya sheria walikuwa wageni. Hata Mwanasheria Mkuu wa serikali mpya, Roland Brown, alikuwa Mwingereza, rafiki wa Nyerere aliyeaminiwa mno, lakini Mwingereza vilevile.

Mpango wa chuo ulikuwapo kabla ya Kambona kuingia wizarani, na hapa ndipo mtu anapaswa kuwa mwangalifu asimpe sifa isiyo yake. Wazo halikuwa lake. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikwishatenga fedha za elimu ya juu. Mwaka 1958 kamati iliyoongozwa na John Lockwood wa Chuo Kikuu cha London ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza mfumo wa vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na, baadaye, kimoja Tanganyika. Neno zito hapo ni "baadaye". Chuo cha Tanganyika kilitarajiwa katikati ya miaka ya 1960, baada ya shule za sekondari kuongezeka na majengo kukamilika. Ulikuwa mpango wa busara, na haraka ya uhuru haikuhesabiwa ndani yake.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ndio uliovuruga kalenda. TANU ilichukua viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, na Septemba Nyerere akaunda serikali ya madaraka. Kambona, akiwa na umri wa miaka 32, akapewa Elimu.

Wizara aliyoikuta ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila moja na bajeti yake, na tofauti ya fedha kwa kila mtoto ilikuwa aibu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1961 ilifuta mgawanyo huo kuanzia Januari 1962. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya Kambona kama Waziri wa Elimu, na ingetosha peke yake. Lakini jalada la chuo kikuu lilikuwa juu ya meza ileile, na serikali mpya iliamua jambo ambalo kwa macho ya wataalamu lilikuwa ni kuruka hatua: chuo kianze mwaka uleule wa uhuru, kianze bila majengo, na kianze na sheria.

Kwa nini sheria? Zipo sababu za heshima na zipo za mfuko. Za mfuko kwanza. Udaktari unahitaji hospitali ya kufundishia. Uhandisi unahitaji karakana. Sayansi inahitaji maabara, gesi, maji, vifaa vya kuagizwa kwa meli. Sheria inahitaji meza, ubao, walimu wachache na vitabu, na hivyo vinaweza kukaa katika ghorofa ya chama. Sababu ya heshima ni kwamba Makerere ilikuwa na udaktari na Nairobi ilikuwa inajenga uhandisi. Sheria haikuwa na mwenyewe katika Afrika Mashariki yote. Tanganyika ikiishika hiyo, isingekuwa inanakili kilichopo Kampala. Ingekuwa inawafundisha Wakenya na Waganda pia.

Msaada ulikuja kutoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Mwaka 1960 serikali ya Uingereza iliunda kamati kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Kiafrika, na mwenyekiti wake alikuwa Lord Denning, jaji aliyeketi katika Bunge la Mabwana. Ripoti yake ya mwanzoni mwa 1961 ilisema wazi kwamba kijana wa Kiafrika anayefundishwa London anajifunza sheria ya London. Anamaliza akijua mirathi ya Kiingereza na hajui mila za kwao, hajui sheria ya Kiislamu inayotumika Pwani, hajui hata namna mahakama za nchi yake zinavyofanya kazi. Kamati ikapendekeza kitivo cha sheria cha Afrika Mashariki kijengwe Dar es Salaam.

Kambona alikuwa mtu wa kuielewa hoja hiyo kuliko waziri mwingine yeyote, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kijana huyo. Alikuwa amekaa katika madarasa ya London akisoma sheria ambayo sehemu kubwa yake isingemsaidia mtu wa Kwambe kudai shamba lake. Nafasi yake katika kuzaliwa kwa chuo, basi, ipimwe hivi: hakukibuni, hakukichora, na fedha nyingi zilitoka nje. Nyerere ndiye aliyesukuma, na baraza zima la mawaziri ndilo lililoamua. Kambona alikuwa waziri mhusika wakati ambapo jambo lingeweza kuahirishwa kwa hoja nzuri kabisa, na halikuahirishwa. Katika serikali, hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya kina Cranford Pratt.

Pratt alikuwa Mkanada, msomi wa siasa, aliyeletwa kuwa mkuu wa kwanza wa chuo. Mkuu wa Kitivo cha Sheria alikuwa A. B. Weston. Chini yake walikuwapo vijana wawili wa Kiingereza, Patrick McAuslan na William Twining. Jina la huyo wa mwisho liliwafanya watu wengi wa Dar es Salaam wageuke kutazama mara ya pili. Baba yake ni Sir Edward Twining, Gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958, aliyejaribu kila njia kuizuia TANU isikue. Miaka mitatu baada ya gavana kufunga virago, mwanawe alikuwa anafundisha sheria ndani ya jengo la TANU. Alizaliwa Kampala, alikuwa amefundisha Khartoum, na alikuja kuwa mmoja wa wanafalsafa wa sheria wanaosomwa duniani kote. Historia ya nchi hii ina vichekesho vyake, na hiki ni kimojawapo cha vizuri zaidi.

Walimu hao walikuta kazi ambayo haikuwa na kitabu. Vitabu vya kiada vilikuwa vya Kiingereza. Hukumu za mahakama za Afrika Mashariki zilikuwapo, lakini hakuna aliyekuwa amezipanga kwa ajili ya mwanafunzi. Ikabidi wakusanye kesi wenyewe, wazichape, wazigawe darasani. Wanafunzi 14 walikuwa wakisoma sheria ya mikataba huku katiba ya nchi yao ikiandikwa, ikibadilishwa na kuandikwa tena: uhuru Desemba 1961, jamhuri Desemba 1962, Muungano na Zanzibar Aprili 1964, chama kimoja 1965. Mwalimu wa sheria ya katiba aliyeandaa somo lake mwezi wa Juni aliweza kulikuta limepitwa na wakati mwezi wa Desemba. Yash Ghai, Mkenya aliyejiunga na walimu mwaka 1963 akiwa kijana kabisa, alijifunza hapo uandishi wa katiba ambao baadaye ulimpeleka katika nchi nyingi na kumrudisha Kenya.

Sheria za nchi nazo zilikuwa zikihama. Mwaka 1963 serikali ilifuta uchifu, na mwaka huohuo ikaunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja, kutoka mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu. Kule Rungwe chifu akavuliwa ukusanyaji wa kodi, amri za kilimo na uhakimu kwa pigo moja. Nchi ikawa ghafla inahitaji mahakimu wengi, na Mzumbe ikaendelea kuwafundisha wale wa ngazi ya chini wakati mtaa wa Lumumba ukiandaa wale wa juu.

Chuo chenyewe kilikuwa cha kanda kwa maana halisi. Tarehe 29 Juni 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Mwaka 1964 darasa likahama Lumumba likapanda kilima cha Observation, kilomita kumi na kitu kutoka katikati ya jiji, mahali ambapo watu walipaita Mlimani na hadi leo wanapaita hivyo. Kwa miaka kadhaa, Mkenya au Mganda aliyetaka shahada ya sheria bila kuvuka bahari alikuja Dar es Salaam. Makerere ilianza kufundisha sheria mwaka 1968 na Nairobi mwaka 1970. Ndiyo maana orodha ya waliopita pale inavuka mipaka: Joseph Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya, Julie Manning, mwanamke wa kwanza kusomea sheria chuoni hapo, baadaye jaji na Waziri wa Sheria.

Kwa kijana wa Ikolo, hata hivyo, Mlimani ilikuwa mbali kwa namna ambayo msomaji wa leo hawezi kuikadiria kwa kutazama ramani. Zaidi ya kilomita 900. Reli ya TAZARA haikuwapo. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Lami haikuwapo. Kulikuwa na barabara ya vumbi kupanda kutoka tambarare hadi Tukuyu, kuvuka hadi Mbeya, kisha mabasi ya shirika la reli, siku juu ya siku, hadi kuikamata treni ya kati. Na kabla ya safari kulikuwa na kikwazo kikubwa zaidi, nacho ni sekondari. Nafasi zilikuwa chache nchi nzima. Familia iliyouza mpunga ili kumpeleka mtoto shule ilikuwa inacheza bahati nasibu, na wengi walichagua njia iliyokuwa na uhakika: kijana akaenda machimboni, Lupa au Afrika Kusini, akarudi na baiskeli na mabati.

Ndoa kati ya serikali na chuo ilivunjika mapema. Mwaka 1966 serikali ilitangaza kuwa wahitimu wote watalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi hicho. Tarehe 22 Oktoba, siku tatu kabla ya chuo kutimiza miaka mitano, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Bango moja lilidai kwamba afadhali enzi za ukoloni. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika kama ambavyo hakuwahi kuonekana hadharani, akawafukuza mamia yao wakarudishwa makwao. Siku ileile alitangaza kupunguza mishahara ya viongozi wakubwa, ukiwamo wake mwenyewe, kwa asilimia 20.

Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo mwanafunzi wa sheria kutoka Urambo, Samuel Sitta. Alirudi akamaliza, akawa mbunge, na miaka 39 baada ya kufukuzwa akawa Spika.

Kambona mwenyewe hakudumu. Alikuwa ameshaondoka Elimu mwaka 1962, akapitia Mambo ya Ndani, Mambo ya Nje na Ulinzi. Wakati wa maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 ndiye aliyekwenda kuzungumza nao kambini Colito huku Nyerere akiwa amefichwa. Lakini Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimtenganisha na rafiki yake. Juni mwaka huo alijiuzulu, na muda si mrefu akaondoka nchini na familia yake kwenda London, jiji alikosomea sheria. Mwaka 1970 alitajwa katika kesi ya uhaini, akiwa hayupo kizimbani. Alirudi Tanzania mwaka 1992, vyama vingi vilipoanza, na alifariki mwaka 1997. Kwa miaka 25 kumtaja hadharani kwa wema lilikuwa jambo la kufikiria mara mbili. Watu waliozoea kutomtaja katika siasa waliendelea kutomtaja katika elimu, hivyo watoto wakajifunza kwamba shule za rangi zilijifuta zenyewe.

Kyela ilimpata mwanasheria-mbunge wake kwa njia ya Mlimani. Harrison Mwakyembe, aliyezaliwa wilayani humo mwaka 1955, alianza kama mwandishi wa habari, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akachukua udaktari Hamburg, Ujerumani, akarudi kufundisha katika kitivo kilekile kilichoanza na watu 14. Mwaka 2001 aliingia Bunge la Afrika Mashariki, lililokuwa linaanza kazi Arusha. Mwaka 2005 wapigakura wa Kyela wakampeleka Bunge la Jamhuri, akakaa huko miaka 15.

Wananchi wengi walimfahamu kupitia kashfa ya kampuni ya Richmond. Novemba 2007 Spika Sitta aliridhia kuundwa kwa kamati teule ya Bunge kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura, na mwenyekiti akawa Mwakyembe. Ripoti ilisomwa bungeni Februari 2008, saa nyingi, redioni na kwenye televisheni; mijini watu walisimama nje ya maduka ya vifaa vya umeme kutazama. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumwita kumsikiliza. Pande zote mbili zilikuwa zinazungumza lugha ya Kitivo cha Sheria. Mmoja alisimamia mamlaka ya Bunge kuchunguza, mwingine haki ya asili ya mtu kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Mwalimu yeyote wa mwaka wa kwanza angeweza kulifanya kuwa swali la mtihani, na haitashangaza kama wapo waliofanya hivyo. Spika na mwenyekiti wa kamati wote walikuwa zao la chuo kimoja. Nyanda za Juu Kusini hazikuishia hapo: Tulia Ackson, mzaliwa wa Tukuyu, naye mwanafunzi kisha mwalimu wa sheria Mlimani, alikuwa Spika kuanzia 2022 na mbunge wa Mbeya Mjini.

Inafaa kusema kwamba wabunge wanasheria hawakuujengea mkoa wao chuo kikuu cha umma cha kwanza. Chuo cha Ufundi Mbeya kilianza mwaka 1986, kikawa taasisi mwaka 2005, na mwaka 2012 kikapata hadhi ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST. Njia yake ilikuwa ya pole pole, ngazi moja baada ya nyingine, kinyume kabisa na mruko wa mwaka 1961. Kilianza na karakana, kikafundisha mafundi sanifu kwa miaka mingi kabla ya kuanza kutoa wahandisi wa shahada. Aliyesoma ripoti ya Lockwood angekitambua mara moja kama chuo kilichofuata ushauri.

Hoja ya mwaka 1961, kwamba elimu ya juu isingoje, imeanza kusikika upya siku hizi kwa sura ya mikoa. Chini ya mradi wa serikali unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, uliopitishwa mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga Lindi na Kagera, na MUST kinajenga Rukwa. Kila wilaya isiyopata jengo huuliza kwa nini, na mbunge wake huulizwa kabla ya waziri. Kyela huuliza pia. Ina mchele unaotajwa kwa jina katika masoko ya Dar es Salaam, ina kakao inayoanikwa kwenye maturubai kando ya nyumba kuanzia Ikolo hadi Ipinda, ina mpaka na Malawi na ina ziwa. Haina chuo kikuu.

Kijana wa Ikolo anayetaka uhandisi hupanda basi kwenda MUST. Anayetaka sheria si lazima tena aende Dar es Salaam. Ile shule ya mwaka 1953 ya machifu na makarani wao iligeuka Taasisi ya Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972 na Chuo Kikuu cha Mzumbe mwaka 2001, na ina kampasi jijini Mbeya, kilomita 130 hivi kutoka Kyela, inayotoa shahada ya sheria. Ada ya muhula wa kwanza hutakiwa mwishoni mwa mwaka, na familia nyingi huanza kuipigia hesabu tangu mpunga ukiwa shambani.